Viumbe wa Meza ya Kahawa

Kaka yangu aliporudi kutoka ng'ambo, mama alimpa chai kwa kikombe cha kabatini.

Watu wakisikia habari ya kazi ile tuliyoifanya mjini Nyeri katika miaka ya tisini, huuliza kwanza kompyuta ilikuwa ya aina gani. Ilikuwa ya kijivu, nzito, na ikiwaka ilinguruma kama kinu cha posho. Hayo yanatosha. Mimi nikiikumbuka kazi ile naanza na kikombe.

Nyumbani kwetu Tetu vikombe vilikuwa vya namna mbili. Vya kabatini vilikuwa vyeupe, vyenye maua mekundu na visahani vyake, na vilitolewa akija mchungaji, au wakwe, au mtu wa serikali. Vya jikoni vilikuwa vya bati, vimetundikwa kwenye misumari ukutani, kila mmoja wetu na chake. Cha kaka kilikuwa cha rangi ya samawati, kimebanduka mdomoni kwa sababu utotoni alikuwa na tabia ya kukiuma akifikiri. Miaka yote aliyokaa ng'ambo kikombe kile hakikuguswa ila kupanguswa masizi. Siku moja nilijaribu kukinywea, chai ya haraka tu kabla ya kwenda kuchuma majani chai, na mama alinitazama mpaka nikakirudisha.

Kwa hiyo siku aliyorudi sote tuliutazama mkono wa mama. Ukapita misumari, ukaenda kabatini. Akamwekea kikombe cha maua, kisahani na kijiko.

"Karibu, mwalimu," akasema. "Kikombe yako ndio hii. Uko na njaa?"

Alisema kwa Kiswahili, na "mwalimu" alimwita kwa heshima ya kisomo chake tu. Mama hakuwa amewahi kutusemesha Kiswahili maishani. Kiswahili chake alikiweka kwa ajili ya Wahindi wa dukani na maaskari. Kaka akacheka, akamjibu kwa Kikuyu kwamba hajaisahau lugha yake. Mama akatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayemsifu mgeni kwa kujaribu.

Sababu tuliijua sote. Baba alikuwa amefariki kaka akiwa huko. Habari zilimfikia kwa wakati, lakini hakuja. Alikuwa na sababu, tena za kweli, za mitihani na karatasi za kusafiria na nauli. Ila siku ya mazishi, watoto waliitwa kutupa udongo kaburini; huanza kifungua mimba, na kifungua mimba hakuwepo. Mchungaji alingoja. Watu wakaangalia njia, sijui walidhani atatokea wapi. Mwishowe mjomba akainama akatupa udongo kwa niaba yake, na mama akageuza uso.

Hakumgombeza aliporudi. Laiti angemgombeza! Mama yangu akikugombeza unajua uko nyumbani. Badala yake alimuuliza kila asubuhi kama amelala vizuri. Alimpokonya jembe mkononi akimwambia asichafuke. Alimwandalia kuku. Na kila jioni kikombe cha maua kiliwekwa mbele ya kaka, naye alikinywea polepole bila kukiuma.

Alipopata kazi ya kufundisha katika chuo kimoja mjini, nadhani alishukuru kuhama. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu wa sanaa katika shule ya wasichana, nimepanga chumba mjini, na jioni moja alinijia na ile sura yake ya zamani ya kuuma kikombe.

"Nataka tutengeneze viumbe," akasema.

"Mungu alishamaliza hiyo kazi," nikamwambia. "Tena akapumzika."

Mimi sina subira na watu wa kompyuta. Wanaanza kueleza katikati, halafu wanakukasirikia kwa kuwa hujui mwanzo. Lakini alichokuwa nacho kichwani, nilipokipata hatimaye, kilikuwa rahisi. Kompyuta ingebeba vijumba vidogo vya hesabu, na kila kimoja kingekuwa kiumbe: anazaliwa, anatafuta chakula, anachoka, anazaa, anakufa. Hakuna anayewaongoza. Wanapewa tabia kidogo na sheria chache, basi, wanaachiwa dunia yao. Huko alikokuwa aliona wasanii wakiwaonyesha watu viumbe wa aina hiyo, na watazamaji wakiweza kuwagusa na kuwalisha. Alitaka watu wa Nyeri waone. Alinihitaji mimi kwa sababu, alivyosema mwenyewe, kwenye kioo cha kompyuta viumbe wake walifanana na chawa.

Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimemkosa. Huo ndio ukweli. Angeniambia tufuge mamba ningekubali.

Meza ya kuwaonyeshea viumbe hao ilitoka Gakindu. Mjomba alilima kahawa huko na alikuwa na meza kuukuu ya kuanikia, zile ndefu za miti zenye wavu wa waya, ambayo mguu wake mmoja ulikuwa umeliwa na mchwa. Tuling'oa wavu, tukaunga mguu, na mahali pa wavu nikawamba shuka nyeupe, nikaivuta mpaka ikalia nilipoipiga kidole. Chini ya meza tukaweka projekta ya chuo na kioo changu cha kujitazamia, kilichoinamishwa ili picha ipande juu mpaka kwenye shuka. Kando kando ya shuka nikashonea macho madogo ya kuhisi mwanga, kaka akayaunganisha na nyaya hadi kwenye kompyuta. Mtu akinyoosha mkono juu ya meza, kivuli chake kiliangukia macho yale, na kompyuta ikajua mkono uko wapi.

"Na kivuli kitakuwa nini kwao?" nikamuuliza.

"Chakula," akasema. "Mtu anawalisha kwa kusimama karibu."

Mwenye duka moja la mbegu alituachia ghala lake tupu nyuma ya duka. Lilinuka magunia na dawa ya maharagwe, na meza nayo haikuacha kunuka kahawa iliyochacha, hata tuliposugua. Juu ya paa kulikuwa na bati moja la kupitisha mwanga, na hilo lilitupa shida ambayo vitabu vya kaka havikuitaja. Tulianza mwezi wa Julai. Kila mtu wa kwetu anajua Julai ya Nyeri, mawingu yanavyoshuka mlimani yakalala juu ya mji na mchana kutwa ukawa kama alfajiri. Macho yetu ya meza yaliona giza lile yakadhani mkono mkubwa ajabu umenyooshwa juu ya dunia nzima. Viumbe wakala. Wakala wakazaa, wakazaa mpaka shuka ikawa nyeusi na kompyuta ikawa inakokota miguu, kisha ikanyamaza kabisa. Huko alikosomea, nadhani, hawana Julai. Tukaziba bati kwa magunia, tukatundika balbu moja juu ya meza, tukaanza upya.

Kazi yangu ilikuwa kuwapa miili. Niliwachora kama mbegu zenye mkia, kwa sababu ghala lilinifundisha mbegu. Mashine ya wakati ule haikubeba zaidi ya hapo. Lakini hata mbegu yenye mkia ikitembea, jicho linaanza kuitafutia nia.

Juma moja hivi baada ya kuwachora, nilikuwa nimekaa mezani, mkono juu ya shuka, kaka akihangaika na nyaya, nikaona kiumbe mmoja kila akifika kwenye chakula anasogea kando wengine wale kwanza. Nikamtazama sana.

"Huyu ni nyanya," nikasema.

Kaka akainua kichwa kwa haraka.

"Na huyu anayelala katikati ya njia, ni jirani yetu wa ng'ambo ya mto."

"Umejuaje?"

"Umewapa tabia za watu wa nyumbani."

Akasema ilibidi awape tabia fulani, na hizo ndizo alizokuwa nazo. Alisema bila kunitazama. Nikarudi kuangalia meza, na hapo ndipo nilipomwona mwingine. Chakula kilikuwa karibu naye kabisa, lakini yeye alikipita, akaenda ukingoni, akaanza kuufuata ukingo wa shuka pole pole, upande mmoja, kona, upande wa pili, kona, mpaka alipokamilisha dunia nzima. Ndipo akaja kula.

Sikusema huyo ni nani. Baba yangu kila jioni, kabla ya kuingia kula, alikuwa akiuzunguka ua wa miiba ya kayaba wa shamba letu lote kwa fimbo yake, akigusa hapa na pale kama anayehesabu watoto waliolala. Mama alipakua chakula, akasimama mlangoni na kumwita, na kila jioni alimwambia neno lile lile: "Kula kwanza, chakula kinapoa." Baba alijibu, "Nakuja," na akaendelea. Alikula ugali baridi maisha yake yote ya ndoa. Niliangalia kile kijibegu kikizunguka, nikatoka nje kununua mahindi ya kuchoma ambayo sikuwa na hamu nayo.

Tuliwafungulia watu mlango mwishoni mwa Agosti. Walikuja wanawake wa soko na mizigo yao, wanafunzi wangu, makarani, wachungaji wawili waliotaka kuhakikisha hakuna uchawi. Mzee mmoja aliyetoka Kerugoya kwa shughuli zake aliingia kujikinga mvua, akanyoosha mkono, akaona viumbe wakimjia.

"Hii kitu iko na uhai ama ni televisheni?" akaniuliza.

"Ni kompyuta, mzee."

"Hapana, mimi nimeuliza kama iko na uhai."

Nikamwambia sijui. Akaridhika na jibu hilo kuliko nilivyotarajia, na alikaa na mkono wake juu ya meza hata mvua ilipokwisha.

Kisha alikuja rafiki wa kaka kutoka Nairobi, mwalimu wa kompyuta, kijana mchangamfu mwenye viatu vya bei. Alikaa siku nzima akiangalia vizazi vikipita. Jioni alimwita kaka kando, lakini ghala halikuwa na kando, nikasikia.

"Bana, hawa hawabadiliki," akasema. "Nimeangalia tangu asubuhi. Si wanafaa kubadilika kidogo kidogo, ndio maana yake? Hawa wanazunguka tu. Hebu nione vile umeandika mambo ya urithi."

Wakaiangalia programu pamoja. Rafiki akaanza kucheka, si kwa ubaya. Kaka alikuwa ameandika kwamba mtoto anayezaliwa huchukua tabia za babu au nyanya yake. Wazazi walikuwa njia ya kupitia tu. Kila mahali duniani, watu wanaofanya kazi hii huandika kwamba mtoto ni mchanganyiko wa wazazi wake na kosa dogo juu yake, na katika kosa hilo dogo ndipo mabadiliko hutoka. Kaka alilijua hilo, alilisomea. Lakini usiku aliouandika mstari ule hakuwaza. Mkono wake uliandika inavyofanyika kwetu: kifungua mimba wa kiume ni babu mzaa baba, wa pili ni babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo. Kwetu mtoto hazaliwi mpya. Anapokelewa, kwa jina, kama mtu aliyekuwa safarini, na mwanamke humwamkia mwanawe mchanga kwa heshima ya mkwe.

"Umetengeneza saa," rafiki akasema. "Hujatengeneza maisha."

Alipoondoka kaka akakaa mbele ya kompyuta na uso umemshuka. Alikuwa mtu wa kujivunia kazi yake, na kukosea jambo ambalo hata mwanafunzi hakosei kulimuuma. Akasema atarekebisha jioni ile ile. Ni mistari michache tu.

"Usirekebishe," nikasema.

"Ni makosa."

"Yaache."

"Unajua mtu yeyote anayejua kazi hii akiingia hapa atacheka?"

"Basi acheke. Mama hajaja bado."

Hapo ndipo jambo lilipofika lilikokuwa likielekea tangu mwanzo. Tulikuwa tumemwalika mama mara nyingi. Mara ng'ombe alikuwa karibu kuzaa, mara kulikuwa na mkutano wa akina mama wa kanisa, mara magoti. Kaka hakuwahi kunieleza kwamba meza ile ilikuwa ya mama, lakini mimi si kipofu. Na jambo jingine sikuwa nimepanga kulisema, likanitoka.

"Ukirekebisha," nikamwambia, "yule anayezunguka ukingoni akifa, amekufa."

Kaka hakuwa ameoa. Yeye ndiye angezaa mtoto wa kubeba jina la baba kwanza, na mimi pia nilikuwa sijaolewa, kwa hiyo jina la baba lilikuwa limekaa tu, halina mtu. Tulijua sote kwamba hilo nalo mama alikuwa analibeba. Wenye maduka ya jirani wakaanza kuteremsha milango yao ya mabati. Kaka akafunika kompyuta kwa kitambaa, akatoka, na programu ikabaki ilivyokuwa.

Mama alikuja Jumamosi moja ya Septemba bila kutuarifu, na mwavuli, na kiondo cha ndizi mbivu kama anayekwenda kumtazama mgonjwa hospitali. Alivaa kitambaa chake cha kanisani. Kaka akaruka kumvutia kiti.

"Asante, mwalimu," akasema kwa Kiswahili chake. "Mimi nitasimama tu. Nimekuja kuona hiyo kazi yenu, halafu niende."

Nikaangalia mezani. Mzunguka ukingo hakuwepo. Alikuwa amekufa asubuhi ile, na watoto wake walikuwa watu wa kawaida, wala hawakujua ukingo uko wapi. Nikamtazama kaka, naye alikuwa amekwisha kuona.

"Hawa tududu wanakula nini?" mama akauliza.

"Kivuli cha mkono," kaka akamwambia. "Nyoosha mkono, utaona."

Akanyoosha. Mkono wa mama ulikuwa umeiva kwa utomvu wa majani chai, vidole vimekuwa vyeusi penye mikunjo, sabuni ilishashindwa kuutoa. Viumbe wakamjia mbio. Akacheka kidogo, akasema ni kama kuku. Yule wa kusogea kando aliposogea kando, hakumtambua, au hakusema. Aliuliza stima inagharimiwa na nani. Aliuliza kama mwenye duka ni mtu wa kanisa gani. Yalikuwa maswali ya mgeni mwenye adabu, moja baada ya jingine, na kaka aliyajibu yote akiwa amesimama kama mwanafunzi. Nilitaka kulia kwa hasira. Kazi yote ile, kushona macho kwa sindano mpaka vidole vikatoka damu, na mama anauliza stima!

"Haya," akasema, "mmefanya vizuri. Mungu awabariki." Akainama kuchukua kiondo, mkono wake mmoja ungali juu ya meza akijishikilia ukingoni.

Na hapo akazaliwa mmoja karibu na kivuli cha mkono ule. Alikuwa mdogo, mkia mfupi. Chakula kilikuwa pale pale puani pake. Akakigeuzia mgongo. Akaenda mpaka ukingoni mwa shuka, akasimama kidogo, kisha akaanza kuufuata.

Mama akaacha kuinuka. Alibaki ameinama vile, mkono mmoja kwenye kiondo na mwingine mezani, akamfuata kwa macho upande mmoja, kona, upande wa pili. Kiumbe akafika penye kona ya tatu, ambapo shuka ilikuwa na mshono nilioushona vibaya, akapita.

"Kula kwanza," mama akasema. "Chakula kinapoa."

Alisema kwa Kikuyu, kwa sauti ile ya mlangoni. Sidhani alijua kwamba ameongea. Alikuwa angali ameinama, lakini mkono hakuuondoa, kwa sababu ungeondoka chakula kingeondoka nao. Nikataka kumsaidia, nikaona si mahali pangu. Kiumbe akamaliza mzunguko wake bila haraka yoyote, akageuka, akaja chini ya kiganja cha mama akala.

Mama akaketi kwenye kile kiti alichokikataa.

"Huyu amezaliwa na nani?" akauliza, bado kwa Kikuyu.

Kaka akamwonyesha. "Baba yake ni yule pale. Babu yake alikufa leo asubuhi."

"Basi ni yeye," mama akasema, kwa namna mtu anavyosema mvua imekuja. Hakushangaa hata kidogo. Rafiki yetu wa Nairobi na elimu yake yote angekuwepo, sijui angemwambia nini.

"Ulimtoa wapi?" akamuuliza kaka.

"Nilimkumbuka tu, mama." Kisha kaka, ambaye tangu arudi hakuwa amelitaja, akalisema. "Sikuja kumzika."

"Najua hukuja. Mimi nilikuwepo."

Akatoa leso akajifuta uso mzima, si macho tu, kama mtu aliyetoka shambani. Akakaa muda mrefu akimwangalia yule kiumbe akianza mzunguko wa pili. Watu waliingia wakatoka. Mwishowe akasimama, akanipa mimi ndizi, akachukua mwavuli wake.

"Ua umefunguka upande wa mto," akamwambia kaka. "Mbuzi wa watu wanaingia kila siku wanakula miche yangu. Na wewe uko hapa mjini unachezea kitambaa. Kesho ukitoka kanisani uje na panga."

Kaka akasema, "Ndiyo, mama." Alikuwa amegombezwa.

Kesho yake alifanya kazi ile mpaka jua likaelekea kuzama. Alipomaliza upande wa mto hakurudi nyumbani moja kwa moja. Nilikuwa mlangoni pa jikoni nikichambua mboga, nikamwona akiufuata ua wote, akisukuma tawi hapa, akigusa hapa, mpaka akapita nyuma ya kaburi la baba. Huko alisimama. Aliinama, akachukua udongo, na alichoufanyia sikukiona vizuri kwa ajili ya migomba. Alipoingia jikoni mikono yake ilikuwa imechanwa na miiba na kucha zimejaa udongo. Akaketi kwenye kigoda.

Mama alikuwa anamimina chai. Mkono wake ukaenda ukutani, ukashusha kikombe cha samawati, ukakipuliza vumbi ambalo halikuwamo, ukamimina.

"Wewe," akasema. "Chai yako."

Kaka akakipokea kwa mikono miwili. Akakiuma ukingoni pale pale palipobanduka, na mama akamwambia aache, atameza rangi.

Ningependa kusema tulikaa hivyo. Mwenye duka alihitaji ghala lake mavuno yalipokuja, chuo kikachukua projekta yake, na meza ikarudi Gakindu ikawekewa wavu mpya na ikaanika kahawa tena. Programu ilibaki kwenye disketi ambayo leo hakuna mashine ya kuifungua. Hata ingefunguka, nimejiuliza mara nyingi kama ningetaka kuwaona, maana nisingekuwa na yule wa kusimama kando yangu na kuuliza nimejuaje. Miaka miwili au mitatu baadaye kaka alipata kazi ng'ambo, safari hii kazi ya kudumu. Nilimwambia asiende. Nilimwambia kwa maneno hayo hayo, mbele ya watu, bila haya. Alinikumbatia, akaenda.

Ninamkosa kaka yangu. Nawakosa wote watatu, baba na mama na yeye, na ghala lile lililonuka maharagwe, na ile Julai viumbe wetu walipodhani mkono wa Mungu umewafunika. Huwa naunyoosha mkono wangu juu ya meza yangu ya chakula nikiwa peke yangu, na kivuli kinaangukia kitambaa, na hakuna anayekuja.

Asubuhi baada ya kuondoka kwake nilikuwa Tetu. Niliosha vyombo vya jana, nikakausha kikombe cha samawati, nikainua mkono kukitundika kwenye msumari wake, kikangoje kama kilivyongoja zamani.

"Lete hapa," mama akasema.

Nikampa. Akamimina chai yake humo. Akakinywea pale penye meno ya mwanawe, polepole, akitazama nje kwenye ua, na tangu siku ile hadi alipofariki hakunywa chai kwa kikombe kingine.